Bunduki ya Verlene ni ya Kuulia Panzi

Jumatatu, 6 Oktoba

Wezi wamefika kwa Burl, kaka wa mke wangu, nyumba ya chini yetu hapa bondeni. Wamebeba jenereta na msumeno wa injini, na mwenyewe yumo ndani anakoroma. Simshangai. Burl hata akiwa macho amelala.

Binti yetu Nadine kapiga simu toka mjini Lexington. Kasema mimi na mama yake tumezeeka, hatuwezi kukaa peke yetu huku milimani. Anatutaka kwake, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Nikamwambia mimi Elzie Tackett nimezaliwa katika nyumba hii na nitatoka miguu ikitangulia, nimebebwa jenezani. Akasema sawa, Jumamosi anakuja kwenye shindano la shabaha pale kituo cha zimamoto. Akituona tunashika bunduki bila kuumizana, tutabaki. La sivyo tunafunga virago siku hiyo hiyo.

Mtihani! Mimi! Nilikuwa nadungua kindi kabla mama yake hajajua kujisuka nywele.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumekwenda duka la bunduki, maana ile ya zamani imeliwa na kutu. Kijana wa pale ana ndevu zimechanwa kama mkia wa farasi wa maonyesho. Akauliza nataka bunduki ya nini. Ya kupikia, nikamwambia. Akaanza kunifundisha geji, kipimo cha mtutu, mimi. Eti namba ikiwa kubwa, tundu la mtutu linakuwa dogo. Eti geji ishirini ina teke dogo begani na kwa ndani ya nyumba inatosha kabisa. Eti nikichukua kumi na mbili basi nitumie marisau mepesi, yaani punje ndogo za risasi, kwa sababu risasi nzito hupenya ukuta ikamkuta asiyehusika.

Nikachukua kumi na mbili, ile ya kuvunjwa katikati ndipo utie risasi. Na risasi za donge moja, za kuulia dubu. Mwizi akijificha nyuma ya ukuta, nitamtoboa yeye na ukuta wake.

Verlene mke wangu kachukua ishirini. Nyepesi, na risasi zake za njano kama peremende. Nikamwambia hiyo ni ya kuulia panzi. Akajibu, "Basi usije ukarukaruka mbele yangu, mzee." Kijana akacheka. Duka lile sirudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Majaribio. Nimeweka boga juu ya kigogo nyuma ya nyumba. Boga halipo tena, hilo lieleweke kwanza. Donge limepita boga, limepita banda la kukaushia nyama, limeshuka mpaka kwenye tangi la maji la Burl. Mimi nilijikuta kwenye beseni la nguo. Sikuanguka. Niliketi.

Burl kapanda huku suruali inachuruzika. "Shemeji, huyo mwizi wako alikuwa anaoga kwangu?" Nikamjibu kwamba mtu aliyeibiwa msumeno chini ya pua yake hana mdomo wa kunifundisha ulinzi.

Bega limekuwa rangi ya biringanya. Verlene kanipaka kafuri huku anajisifu. Ishirini yake, kwa marisau ya kulungu, imetoboa mlango mbovu wa banda na kuishia kwenye ukuta wa nyuma yake. Marisau yamechoka njiani, nikasema. Akasema ndivyo anavyotaka, kwa sababu nyuma ya ukuta wa sebule ndiko ninakolala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ubishi wa kijinga. Verlene anataka abebe risasi zake mwenyewe kwenye mkoba. Haiwezekani. Bonde hili, siku ya shindano, mume ndiye anayebeba risasi za mkewe. Baba alibeba za mama mpaka wakazeeka. Burl naye, ambaye hakuna aliyemuuliza, kasema, "Basi shemeji, za njano za dada mfuko huu, nyekundu zako mfuko ule." Nikawauliza kama wananiona kipofu. Vidole vyangu vinajua risasi kama vya fundi cherehani vinavyojua sindano. Nimetia zote mfuko wa kulia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Watu wamejaa. Nadine kaketi mbele kabisa, amekunja mikono. Kila mtu anapewa kadi yenye msalaba katikati, anapiga mara moja marisau madogo ya ndege, na punje iliyo karibu zaidi na msalaba ndiyo inayoshinda. Mchezo wa kitoto.

Zamu yangu. Nikavunja bunduki, nikatia risasi bila hata kuangalia, namtazama Nadine machoni aone baba yake ni nani. Nikafyatua. Tak. Kimya. Nikafungua, hamna kitu ndani. Nikajua nimesahau kutia. Nikachomoa nyingine, nikaitia.

Verlene akaweka kiganja juu ya mkono wangu. Taratibu. "Elzie, usiifunge." Miaka yote hii huniita mzee.

Burl akasukuma ufito kwenye mtutu. Ikadondoka ya njano. Risasi ya ishirini ilikuwa imeteleza ndani ya mtutu wa kumi na mbili ikakwama mbele, na mimi nimeweka nyekundu nyuma yake. Msimamizi akasema ningefyatua, mtutu ungechanika kama ganda la ndizi na vidole vyangu tungeviokota kwenye majani. Watu wa bonde hili wanapenda kukuza mambo.

Nadine akaenda garini. Nilijua anafuata masanduku ya kufungia vitu. Kumbe analia.

Verlene akachukua ishirini yake, akapiga kadi. Punje imekaa juu ya msalaba. Kashinda paja zima la nguruwe la kukaushwa. Akamfuata Nadine garini na kadi mkononi. Akamwambia nyumba ina mlinzi, na bunduki zote mbili zitafungiwa kabatini, ufunguo shingoni mwake. Nadine akakubali. Tunabaki. Sharti moja, baba asiguse risasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumebaki, kama nilivyosema tutabaki. Isingekuwa mimi kumchokoza na ile habari ya panzi, Verlene asingefanya mazoezi. Hakuna aliyenishukuru.

Nimelala nikiwaza, na kosa nimeliona. Ni tundu. Ishirini ilikwama kwa sababu kumi na mbili ni nyembamba mno. Kuna mzee ng'ambo ya kilima ana geji kumi ya babu yake, mdomo kama bomba la jiko. Amekubali tubadilishane kwa nusu ya paja la nguruwe. Kesho nalipeleka, Verlene akienda kwenye kwaya.

Nilipomweleza Burl, akaacha kutafuna, akauliza nyekundu nazo si zitakwama humo. Akili yake nzito. Nikamfafanulia polepole, kama mtoto. Kwenye geji kumi, ishirini haikwami. Inapita moja kwa moja, inakuangukia kiatuni, na hapo mtu mwenye akili anajua kwamba ametia isiyo yake.