Jante za Kijani za Harusi ya Sarah-Grâce

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Ushindi. Papa Gérard anamwoza binti yake Sarah-Grâce siku ya Jumamosi, na amenipa mimi jante za gari lake, vile vyuma vya magurudumu, nizipendezeshe. Muhindo, fundi wa rangi wa hapa Kasongo, alitaka kuzipaka kwa burashi. Burashi! Nilimweleza Papa Gérard habari ya rangi ya unga: chuma kinapata moto, unga unanyunyizwa, unayeyuka na kushika kama ngozi. Akauliza kama nimekwisha kuifanya. Nikajibu kwamba Bukavu nzima wananijua. Bukavu sijafika, lakini video nimeitazama hadi mwisho.

Jumanne, tarehe 5

Kutoa rangi ya zamani. Nilikoroga soda ya kutengenezea sabuni ndani ya sufuria kubwa ya mke wangu, Nsimire. Rangi ilibanduka kama ganda la ndizi mbivu. Jante ni za chuma, zikavumilia. Sufuria ni ya aluminiamu: ikatoa povu, ikatoboka, kuku wakakimbilia kwa jirani. Nilimwambia Nsimire ni bahati imetoboka bila nyama ndani. Akasema ilikuwa ya marehemu mama yake. Nimelala na njaa.

Jumatano, tarehe 6

Nsimire anaoka mikate ya kuuza katika furu ya matofali nyuma ya nyumba. Alipoenda sokoni nikaingiza jante. Zilipopata moto nikazitoa kwa koleo, nikanyunyiza unga kwa chujio la chai, nikazirudisha. Rangi ni kijani, ndiyo pekee aliyokuwa nayo mchuuzi Sylvestre.

Zilipotoka nilikaa chini. Kijani cha sombe mbichi, majani ya muhogo yaliyochumwa sasa hivi, zinang'aa mpaka uso wangu nauona. Papa Gérard alizipapasa, akasema hata mjini Kindu hakuna za namna hii. Muhindo alipita na baiskeli, akauliza tu kama nimekwangua unga pale nati zinapokaa. Wivu.

Ijumaa, tarehe 8

Nsimire aliingiza kichwa ndani ya furu, akakitoa haraka.

"Baba Victoire, uliunguza nini humu?"

"Kazi."

"Na mikate ya harusi nitaichomea wapi? Mutu akiila na hii harufu, ataanguka."

Kumbe Papa Gérard alikuwa amemwagiza yeye mikate yote. Ikabidi twende kuomba furu ya Mama Consolée, ng'ambo ya soko. Nilibeba kuni, masinia na mfuko wa unga wa ngano, nikipita mbele ya karakana ya Muhindo. Alinisalimia kwa heshima kupita kiasi. Mama Consolée alitukubalia, ila akasema mimi nikae nje ya ua. Mikate ikatoka mizuri. Nsimire akaniletea mmoja wa moto pale nje, bila kunitazama. Nilikula nusu, nusu nikamrudishia. Akaipokea.

Jumamosi, tarehe 9

Gari lilitembea polepole kuelekea kanisani, vigelegele kila upande. Nilisikia watu wakiulizana nani katengeneza magurudumu yale. Nikatembea katikati ya barabara ili wasipate shida ya kuniona.

Karibu na soko, kumbe unga wa rangi ulikuwa umesagika chini ya nati, nati zikalegea. Gurudumu la mbele likachomoka. Gari liliinamisha pua taratibu, hakuna aliyeumia. Gurudumu likaendelea na safari. Likaipita kwaya, likampita katekista, likazunguka kati ya wauza muhogo na kulala.

Sarah-Grâce akashuka, akakusanya gauni lake, akacheka mpaka akajishikilia mlangoni. Kisha akaenda kwa miguu, kwaya ikimfuata ikiimba. Baba yake hakucheka. Muhindo alileta jeki. Tulikwangua unga pamoja, yeye akakaza nati. Hakunisema hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, tarehe 10

Papa Gérard alikuja baada ya misa. Nilikuwa chooni, nikabaki humo. Kupitia mlango alisema binti yake ameolewa vizuri, na kwamba gari lake nisilisogelee tena. Baadaye wakaja wenye pikipiki wa Kabambare wakimtafuta fundi wa gurudumu lililokimbia. Wanataka kijani kilekile. Nimewakubalia wote.

Nsimire ameniuliza, kwa upole kabisa, wiki hii nimejifunza nini. Nimefikiri vizuri kabla ya kumjibu. Nimemwambia rangi ile inaonekana vizuri zaidi gurudumu likiwa peke yake.