Malalamiko Dhidi ya Mwalimu Anayenyamaza Darasani

Kwa Mkurugenzi,
Shule ya Lugha ya Jioni.

Ndugu Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Mimi ni yule mwalimu wako wa Kiingereza cha watu wazima, chumba cha mwisho kabla ya choo, ambaye wanafunzi wanamwita Kamusi naye hajawahi kuwakataza. Ninaandika kuhusu tangazo ulilobandika kwenye ubao wa ofisi, kwamba kuanzia muhula ujao atakayefundisha Kiingereza kwa watu wazima ni lazima awe amepitia mafunzo ya kusimama mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi akimtazama, na kwamba vyeti vya kujisomea kwenye intaneti havitatosha. Kwa tangazo hilo, darasa langu linakwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kukaa, nikarudi kulisoma tena. Nina malalamiko yafuatayo, na ninaomba uyasome ukiwa umetulia.

1. Cheti changu kimedharauliwa. Nilikipata kwenye kompyuta, wikiendi moja tu, bila kuvua kandambili. Kina muhuri wa rangi ya dhahabu, kina utepe, na jina langu limeandikwa kwa madoido kiasi kwamba wageni hukidhania cheti cha ndoa, wakaniuliza kama nimeoa mke wa pili. Mtihani wake ulikuwa wa kistaarabu: ukichagua jibu lisilo sahihi, kompyuta inakuomba ujaribu tena, na tena, mpaka mnaelewana. Cheti cha shemeji ni karatasi kavu isiyo na hata ua pembeni. Ukikiacha mezani mtu atadhani ni bili ya maji. Na kwa karatasi hiyo alihangaika mwezi mzima, asubuhi mpaka jioni. Siku yake ya kwanza ya kufundisha alipita kwetu akilia, kwa sababu wenzake walikaa duara wakamweleza, mmoja baada ya mwingine, mahali alipoharibu. Mimi katika kozi yangu sikuambiwa kosa hata moja. Sasa kati yetu ni nani aliyefaulu vizuri zaidi?

2. Shemeji hafundishi. Ananyamaza. Siku aliyokuja kwa majaribio nilisimama dirishani, si kwa kupeleleza, nilikuwa napunga upepo, nikajionea mwenyewe. Aliuliza swali moja, akawagawa wanafunzi wawiliwawili, akaenda zake pembeni akakunja mikono. Viti alikuwa amevipanga vikawa mitaa, na dereva wa lori alikuwa anamwelekeza muuguzi njia ya kwenda benki kwa Kiingereza cha kubahatisha, muuguzi anabisha, watu wanacheka. Kwenye ubao kulikuwa na maneno machache tu, mtu angedhani chaki zimekwisha. Mimi naujaza ubao, naufuta, naujaza tena, mpaka vumbi linanikaa kifuani. Darasani kwangu unasikia feni. Yupo mwanafunzi aliyelala muhula mzima na hakuna aliyemsumbua, maana tunaheshimiana. Kama mwalimu analipwa kwa kunyamaza, basi profesa wa shule hii ni mlinzi wa getini.

3. Makosa yanaachwa yatembee. Dereva alipokosea, shemeji hakumkatiza. Alisubiri mpaka wakamaliza, ndipo akaandika ile sentensi ubaoni bila kutaja aliyeisema, akawaacha wairekebishe wenyewe. Huo ni uvivu uliovalishwa suti. Kwangu mtu akikosea anasimama mpaka kipindi kiishe, na matunda yanaonekana: ni muda mrefu sasa haijasikika sentensi yenye kosa katika darasa langu, kwa kuwa hakuna anayefungua mdomo.

4. Anajisifu kwamba kwenye mafunzo yake walifundishwa somo zima kwa lugha ngeni wasiyoijua kabisa, ili waonje anavyojisikia mwanafunzi asiyeelewa kitu. Ndugu Mkurugenzi, daktari wa upasuaji hupasuliwa kwanza ndipo akabidhiwe kisu? Na mwalimu akishajua mwanafunzi wake anavyojisikia, ataendeleaje kufundisha kwa amani?

5. Hili ndilo linaloniuma, na nimelichelewesha makusudi. Mke wangu amejiunga na kikundi ambacho mdogo wake anakifundisha sebuleni kwake. Mke huyu nimemfundisha mimi mwenyewe tangu tulipooana. Nyakati zote za vitenzi anazijua kwa mpangilio. Anazitaja huku anaosha vyombo bila kuruka hata mmoja. Binti yetu anaishi ng'ambo, na mtoto wake, mjukuu wetu wa pekee, hajui lugha nyingine ila Kiingereza. Zamani mtoto huyo alipopiga simu siku ya Jumapili, bibi yake alisema ndiyo, akasema asante, kisha mtoto akamrudishia mama yake simu akaenda kucheza. Yalikuwa mazungumzo mafupi, lakini hayakuwa na dosari. Siku hizi wanaongea mpaka chai inapoa. Wanaongea habari za jino lililong'oka, za kuogelea, za nani anaogopa giza na nani anasingizia tu. Jumapili iliyopita bibi alifanya makosa kabla hata hawajamaliza kusalimiana, nikayasikia yote kutoka chumbani, na mtoto hakumsahihisha hata moja. Alicheka, akamwomba aendelee. Nilikaa kitandani nikajiuliza kazi yangu yote ya nyumba hii imekwenda wapi.

Kwa hayo, naomba tangazo libanduliwe leo hii. Vyeti vipimwe kwenye mizani ya duka la jirani, na kilicho kizito kipewe darasa. Mwalimu atakayenyamaza kipindini aandike barua ya kujieleza. Mwanafunzi atakayetaka kusema neno la Kiingereza aombe kibali mapema, na kibali kitolewe baada ya kuhitimu. Na kwa kuwa chanzo cha fujo hii ni wale waliozaliwa na lugha hiyo, wanaoisema toka utotoni bila kuisomea popote, napendekeza nao wazuiwe kuizungumza mpaka wapate cheti kama changu. Niko tayari kuanza na mjukuu wangu.

Nisalimie karani wako, fundi wa feni, mlinzi wa getini ambaye nimemtaja kwa nia njema kabisa, na wanafunzi wote wa chumba cha mwisho, pamoja na yule aliyelala, akiamka. Shemeji msalimie ukipenda.

Wako anayeililia sarufi,

Mwalimu Kamusi

N.B. Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nimeifungua tena. Leo mjukuu amepiga simu, na bibi yake alikuwa anaoga, kwa hiyo nikapokea mimi. Aliniuliza kama mimi ndiye babu, na kwa nini huwa siongei naye. Kila neno la swali lile nilikuwa nalijua. Ningeweza kukuonyesha kitenzi na kukwambia kimo katika wakati gani. Nilitafuta sentensi ya kumjibu, nikaikagua, nikaona ina kasoro, nikatafuta nyingine. Mtoto akasubiri. Akaita mara ya pili. Halafu nikamsikia akimwambia mama yake kwamba huku hakuna mtu, na simu ikakatika.

Darasa mpe shemeji. Mimi niwekee kiti humo ndani, popote pale, ila mke wangu akimfuata mdogo wake humo, usinikalishe karibu naye. Na kama haitakuwa usumbufu, naomba nianze kabla ya Jumapili.