Fremu ya Hukumu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshinda! Hakimu ameamuru Odero anirudishie tezo ya marehemu baba. Miaka miwili tangu aiazime achongee mlango! Tezo hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kanisa linataka mimbari kabla ya Pasaka, na tezo nyingine mkono wangu huikataa. Mke wangu Nthoki amesema nisome hukumu mpaka mwisho. Nimesoma. Huko chini kuna kifungu cha pili: eti nami nirudishe kiti cha mama yake Odero, nilichokichukua kama rehani. Kifungu kidogo sana. Cha kujaza karatasi.

Jumatano, 5 Machi
Odero bado! Nimepiga hodi kwake, hapo ng'ambo ya ua. Akasema kupitia dirishani kwamba hukumu haina miguu. Dharau hiyo! Basi nitamwaibisha. Nimechonga fremu ya mwarobaini kwa patasi, maua pembeni, hukumu ndani, vanishi juu. Ukingo wa chini umetokea mpana kidogo. Umefunika kifungu cha pili. Bahati tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitundika penye bomba la maji ili Kaloleni nzima isome. Watu wamesifu maua. Hakuna aliyesoma. Whitney wa saluni ameuliza kama natengeneza na za picha za harusi. Mama Odero akaja kuteka maji, akakalia mtungi wake kupumzika. Akaniambia mwanangu, mgongo unaniuma, na kile kiti ulinichongea wewe mwenyewe. Nimeona aibu, kweli. Nikamjibu kwamba Odero aanze.

Jumatatu, 10 Machi
Mahakamani na fremu yangu. Karani, mama mpole aitwaye Kavinya, ameeleza kwamba hukumu haijitekelezi. Niombe utekelezaji. Dalali wa mahakama ataichukua tezo, Odero apende asipende. Akizidi kukaidi, mali yake ishikwe, au afungwe. Afungwe! Hapo nilipapenda. Karani akataka kuiona hukumu yenyewe, akaazima bisibisi, akafungua fremu. Kifungu cha pili hicho, nje! Akanitazama kwa huruma. Akasema yatakayompata Odero yaweza kunipata na mimi, maana hukumu ni moja. Nikamweleza kwamba changu ni kidogo.

Alhamisi, 27 Machi
Dalali ameleta tezo! Nimeishika nikalia mbele za watu, wala sijali. Mpini bado una kibonyeo cha kidole gumba cha baba. Nthoki akasema haya, Baba Kaluki, sasa kiti. Alikuwa ameshakipangusa vumbi na kukiweka mlangoni. Kwa Odero ni hatua ishirini. Nikasema kesho.
Kumbe dalali hajamaliza. Ametoa karatasi nyingine: Odero naye ameomba utekelezaji. Nifike mahakamani tarehe 10 Aprili, nieleze kwa nini nisifungwe kwa kukaidi hukumu. Mimi! Mtu aliyeiwekea hukumu maua!
Nthoki ameingia ndani, kiti amekiacha pale mlangoni. Mama Odero nimemwona uani, amekalia mtungi.
Nimenoa tezo. Inakata kama zamani. Mimbari itangoja kidogo, kwanza fremu ya karatasi hii. Safari hii ukingo wa juu ndio utakaokuwa mpana, maana tarehe ya kufika wameiandika juu.