Mabuti Yanayokunywa Maji

Saa mbili na nusu asubuhi, katika mgahawa ulio pembeni mwa soko, Injinia aliona mabuti, na moyo wake ukapiga kigelegele.

Tuelewane mapema. Injinia hakuwa injinia. Alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, na kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino. Kazi yake ilikuwa maneno. Kuna kinyozi aliyewahi kuuziwa naye leseni ya kunyoa wenye vipara, na mpaka leo ameitundika ukutani.

Ila asubuhi hiyo hakuwa akiwinda fedha. Alikuwa na mchumba, binti wa mkandarasi, na alimpenda. Alimpenda kweli, mpaka mwenyewe alikuwa anajishangaa. Tatizo lilikuwa baba mtu, ambaye jana yake alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaishia miguuni.

"Injinia gani viatu vyake vina ncha kama sindano?" aliuliza mkandarasi. "Kesho saa tisa na nusu njoo ofisini na mabuti yako ya kazi. Tutatembea saiti nzima, na vilima vyake vyote. Ukikosa mabuti, binti yangu usimtafute tena."

"Mabuti yapo, mzee," Injinia alijibu bila hata kumeza mate. "Yananisubiri."

Na kweli yalikuwa yanamsubiri, ila kwenye miguu ya mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja mnene kidogo, mwenye sura ya upole, anayepuliza chai ambayo ilishapoa zamani. Mabuti yalikuwa ya ngozi nene ya kahawia, mshono maradufu, yanapanda mpaka juu ya kifundo. Tope lilikuwa limekaukia kila mahali, hadi kwenye matundu ya kamba. Injinia akavuta kiti.

"Samahani, kaka yangu. Mimi ni mkaguzi wa ngozi. Sikutaka kukuharibia chai, lakini roho imeniuma."

"Ngozi yangu ina nini?" Bwana Mpole akashtuka, akajishika shavu.

"Ngozi ya mabuti, kaka." Injinia akachukua glasi ya maji, akadondosha matone mawili kwenye ncha ya buti. Matone yakazama, yakaacha doa jeusi. "Umeona? Yanakunywa. Buti zima maji huteleza juu yake. Hili linakunywa kama ngamia. Mvua mbili tu, mshono unaachia, unabaki na soli mkononi."

"Mungu wangu!" Machozi yalitaka kumtoka Bwana Mpole. "Nifanyeje, ndugu yangu?"

"Tuna huduma ya bure, leo tu. Nayachukua, nayasafisha, nayapaka kinga ya maji, saa kumi nakuletea hapa hapa. Wewe vaa vyangu, ili moyo wako utulie."

Bwana Mpole akavua mabuti kwa haraka iliyotia aibu. Akajisukumiza kwenye vile viatu vya ncha, akaguna, akasimama. Halafu, kwa wema wa watu wasiostahili kuishi mjini, akaongeza: "Kama nta itakuishia, nyuma ya soko kuna mama anaitwa Shangazi. Ana nta safi sana."

Injinia alitoka pale anaumwa mbavu kwa kicheko alichokibana. Watu wengine bwana! Unawaibia, na bado wanakuelekeza pa kusafishia.

Maana kusafisha ilikuwa lazima. Mkandarasi asingekubali mabuti yenye tope lisilojulikana limetoka wapi. Basi Injinia akafika kwa Shangazi, mama wa makamo mwenye aproni ya turubai, ameketi mlangoni pa kibanda chake kati ya milima ya viatu.

"Shikamoo, Shangazi. Nataka haya yawe yanang'aa ifikapo saa tisa."

"Marahaba. Foleni yangu inaishia keshokutwa, baba." Hata hakunyanyua macho. "Ukiwa na haraka, kigoda kile pale. Brashi nakuazima, nta unanunua."

Injinia akanunua nta. Akaketi. Na hapo, msomaji, mtu ambaye hajawahi kufua hata leso yake akaanza kazi.

"Toa kamba kwanza," alisema Shangazi. "Zote. Na soli ya ndani. Sasa sugua tope likiwa kavu. Kavu, nimesema! Ukilowesha sasa hivi unalisukuma ndani. Mshono usugue kwa mswaki."

Akasugua. Vumbi likamwingia puani, shati likasahau pasi. Akapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akajaza magazeti ndani, kisha akayabeba mabuti polepole kuelekea kwenye jua. Brashi ikaruka, ikampata begani.

"Unayaua! Ngozi hukaushwa kivulini, baba. Ukiipeleka juani au jikoni inapasuka kama kisigino."

"Nina haraka, Shangazi. Ni mambo ya posa."

"Ngozi haiolewi. Subiri masaa matatu. Ila usikae bure, vidole vikakakamaa. Sugua na haya."

Akarushiwa jozi ya pili, kisha ya tatu. Kufika saa saba alikuwa amesafisha jozi tano, na Shangazi alikuwa amekunywa chai mara mbili. Halafu ikaja nta, inayopakwa kwa vidole ili joto la mkono liilainishe. Juu, pembeni, kwenye ulimi wa buti, ndani ya kila mshono. Iache inywe. Rudia. Piga brashi. Injinia alijaribu kuruka mshono wa nyuma, akarudishwa. Alipodondosha tone la maji na kuliona linateleza, likaanguka chini likiwa zima, alipiga ukelele kama mtoto, kisha akakohoa kuficha aibu.

Saa tisa kasoro, Bwana Mpole akaingia akichechemea kwenye viatu vya ncha.

Injinia akajificha uso nyuma ya buti. Lakini Bwana Mpole alipita moja kwa moja, akaketi kando ya Shangazi, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu.

"Mke wangu, huyu vya kwake vinabana kuliko vya yule wa juzi."

"Pole, mume wangu. Lakini huyu mkono wake mzuri. Tazama ile mishono."

Injinia aliwatazama kwa zamu. "Nyinyi... mke na mume?"

"Mwaka wa ishirini huu," alisema Bwana Mpole kwa upole ule ule. "Kila asubuhi naazima mabuti machafu ya mteja mmoja, naenda kukaa mgahawani na sura ya kijinga. Wiki hii wewe ni wa nne. Nyote mnakuja kuyasafishia hapa, na nta mnanunua wenyewe!"

"Nitawashitaki!"

"Nenda," alisema Shangazi. "Waambie uliiba mabuti, ukauziwa nta."

Injinia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani haukutoka hata uongo mmoja. Nje gari likapiga honi. Shangazi akanyoosha shingo. "Haya, mwenye mabuti huyo. Anasema ana saiti saa tisa na nusu."

Akaingia mkandarasi.

Akasimama. Akamtazama Injinia aliyepakaa nta mpaka viwikoni, na mabuti yake mwenyewe juu ya mapaja ya kijana huyo. "We! Unafanya nini hapa?"

Injinia aliona sura ya mchumba wake, aliiona inageuka na kwenda zake. Kisha mdomo, huo mdomo, ukafufuka.

"Shikamoo, baba. Niliposikia mabuti yako yapo hapa, nilisema siwezi kumwachia mtu mwingine."

Mkandarasi akachukua glasi ya maji ya Shangazi, akaimimina yote juu ya buti. Maji yakateleza, halikubaki doa. Akamgeukia Shangazi. "Ni kweli kayasafisha yeye?"

Injinia akafumba macho.

"Tangu asubuhi hajanyanyua kichwa," alisema Shangazi, na hilo lilikuwa neno la kweli pekee lililosemwa siku nzima.

Mkandarasi akapangusa jicho. "Nina wakwe wawili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kiatu changu. Saiti tuiache, mwanangu. Mainjinia ninao, mtu wa hivi sina. Binti nimekupa." Injinia akataka kurukaruka, lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. "Na mvua inakuja. Mabuti ya mafundi wangu, jozi thelathini, yako garini. Kesho jioni nayataka yote hivi hivi, kwa mkono wako."

Magunia matatu yakashushwa mlangoni, gari likaondoka. Injinia akayatazama magunia, akavitazama vidole vyake. Alikuwa na furaha ya kupasua kifua na alitaka kulia, yote kwa pamoja. Bwana Mpole akamhurumia, akahesabu kwa sauti ni asubuhi ngapi za mgahawani zingehitajika kunasa matapeli wa kutosha kusafisha jozi thelathini.

"Shangazi," akasema Injinia polepole. "Mjini humu nawajua matapeli kumi na watano. Najua na wanapokunywa chai."

Shangazi akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. "Anza na wenye mikono laini," alisema.