Panya Ukutani, Deni Benki

Jumamosi, 6 Juni

Tumehamia! Nyumba yetu! Narudia ili kalamu nayo iamini: yetu! Vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani na ua wa nyuma unaotosha kamba moja ya nguo. Ni ya mwisho kwenye safu ya nyumba zinazofanana kama mayai, zote rangi ya maziwa. Ubavu wake unatazama barabara na kituo cha basi.

Kabla hata godoro halijashushwa, Mama aliomba nyundo. Akapigilia msumari katikati ya ukuta wa sebule. Baba akauliza anatundika nini. Mama akasema hatundiki kitu. Miaka kumi na saba ya kupanga, na kila mwenye nyumba alimkataza misumari. Akapigilia wa pili.

Bibi na mdogo wangu wa kike wamepata chumba cha pili. Mdogo wangu tunamwita Redio, maana hakuna habari inayolala kwake. Mimi nimepata sebule. Yaani godoro nyuma ya kochi. Nakiri hapa tu, kwa kuwa karatasi haina mdomo: mimi ni mtu wa haya, na mtu wa haya asiye na mlango ni kama kobe aliyevuliwa gamba.

Baba ameahidi kwamba mkopo ukiisha ataongeza chumba uani. Changu. Chenye mlango na kitasa! Nikauliza unaisha lini. Akasema si muda, miaka ishirini tu. Nitakuwa na thelathini na sita! Bibi akanifariji mbele ya wabeba mizigo: usijali mume wangu, nitakusubiri. Wabeba mizigo walicheka mpaka wakalitua kabati.

Lakini! Baba anasema yule dada wa mikopo kule benki alimweleza jambo. Ukilipa ziada juu ya rejesho la mwezi, na ziada hiyo ikapunguza deni lenyewe, riba inashuka na miaka inafupika. Shuleni hesabu za riba tunasoma kwa lugha ya kigeni na sijawahi kuzielewa. Leo nimezisikia kwa Kiswahili, nikiwa nadaiwa, zikaingia moja kwa moja!

Jumapili, 7 Juni

Wageni. Wanawake wanne wanaofanya kazi na Mama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wamesifu vigae. Wamesifu bomba. Wamesifu msumari. Mmoja amekalia mto wangu kwa saa nzima akieleza habari za shemeji yake. Mimi nilikuwa pembeni na kitabu, nikisoma ukurasa uleule, nikisubiri waondoke ili nijinyooshe. Wakaomba chai nyingine.

Leo hii nimeanza kazi ya kutafuta ziada ya benki. Mpango wa kwanza: kubana umeme. Nikafungua balbu zote isipokuwa ya jikoni. Matokeo: Baba ametia chumvi kwenye chai ya wageni, kisha amemkalia Bibi. Bibi amesema kwa umri wake hakutegemea kukaliwa tena. Balbu zimerudi. Ila mimi sijavunjika moyo hata kidogo!

Jumanne, 9 Juni

Bahati ina miguu, na leo imekuja kwetu imevaa tai!

Natoka shule, namkuta bwana mmoja ameegemea ngazi akiukodolea macho ubavu wa nyumba yetu. Ni wakala wa sumu ya panya. Anatafuta kuta za kuchora matangazo, na analipa. Analipa kwa ukuta! Kitu ambacho tayari tunacho!

Nilikuwa na akili zangu. Nilipanga kumpa ukuta wa uani, ambao hata kuku wa jirani haupiti. Nikaiandaa sentensi yangu kichwani, nzuri kabisa, yenye tafadhali mbili. Akanitangulia. Akauliza ni huu wa barabarani, sivyo? Nikaitikia kwa kichwa. Wazazi wanajua? Nikaitikia. Mchoro uwe mkubwa? Nikaitikia. Malipo kwa bidhaa badala ya fedha taslimu, ni sawa? Nikaitikia.

Shingo yangu haina breki. Nimeijua hali hii tangu darasa la pili, nilipoulizwa kama mimi ndiye niliyevunja dirisha. Sikuwa mimi.

Lakini bidhaa nazo ni mali. Na mali huuzwa. Nimeshakichagua hata kitasa.

Alhamisi, 11 Juni

Wamechora! Mama na Baba wakiwa kazini, Bibi akiwa kliniki ya magoti, Redio amemsindikiza. Panya ni mrefu kuliko Baba. Amelala chali, miguu juu, ulimi nje, macho yamechorwa alama za X. Juu yake kwa herufi nyekundu: HAPA NDIPO MWISHO WAO. Kusema kweli amechorwa vizuri. Masharubu yanakaribia kucheza.

Mama aliporudi kutoka kazini aliipita nyumba yake. Nilimwona dirishani. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara, akasimama, akageuka, akaja akihesabu nyumba kwa kidole. Akamsoma panya kuanzia masharubu mpaka mkia. Akaingia ndani, akaketi. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema taratibu kwamba amekaa katika nyumba za watu miaka yote hiyo, na katika ubaya wao wote hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumwekea panya.

Baba akauliza malipo yako wapi. Nikaonyesha. Maboksi ishirini ya sumu, sebuleni, mahali pa godoro langu.

Kwa hiyo sina mlango, na sasa sina pa kulala pia. Nitalala kwenye kochi nimejikunja kama kisu cha mfukoni. Redio amepita akanambia yeye angekuwa mimi angehama nchi.

Ijumaa, 12 Juni

Kituo cha basi kimepata jina. Siku zote hakikuwa nalo. Asubuhi nikingoja kupanda, konda amening'inia mlangoni anaita: kwa Panya wapo? Wa kwa Panya wasogee! Basi zima likageuka kutazama nani anashuka hapo. Jioni nilipita kituo, nikashuka cha mbele, nikarudi kwa miguu.

Nimekuta ujumbe wa majirani sebuleni. Anayeuongoza ni mama wa nyumba ya pili, mwenye sauti ya filimbi. Amemuuliza Mama kwa heshima zote kama tunafuga. Anasema wao pia wanalipa mikopo, na siku wakitaka kuuza, nani atanunua nyumba kwenye mtaa wenye panya wa ukubwa ule? Mama alisema shikamoo tu kwa waliomzidi umri.

Kisha simu kutoka benki. Dada wa mikopo. Nadhani naye amepanda basi. Amemkumbusha Baba kwamba mpaka deni liishe nyumba ni yetu na benki kwa pamoja, na benki haikuombwa ruhusa ya panya. Tunayo wiki moja kurudisha rangi ya maziwa. La sivyo benki italeta fundi wake na gharama itaongezwa kwenye deni.

Kwenye deni! Badala ya kufupisha nimerefusha! Nimeona ndevu zangu zikiota mvi nyuma ya kochi.

Baba ni fundi friji, mtu mpole, hupenda kusikiliza mashine kabla hajazifungua. Amenisikiliza hivyohivyo. Halafu akasema ndoo mbili za rangi hatunazo mwezi huu. Sasa yeye na Mama wako chumbani, na wamefunga mlango. Wao wanao mlango.

Jumamosi, 13 Juni

Siku ya ajabu! Sijui nianzie wapi!

Nianzie kwenye aibu. Nimetoa maboksi nje, chini ya panya, nikaketi nyuma yake. Mteja wa kwanza aliuliza bei. Nikamjibu, hakusikia. Akaomba punguzo, nikaitikia. Akaomba pakiti ya nyongeza, nikaitikia. Wa pili alisema nauli imempungukia. Naye nikampa. Kufikia saa nne nilikuwa nimeuza pakiti sita na nina hela kidogo kuliko nilizoamka nazo.

Ndipo Bibi alipotoka na kigoda chake. Akaniambia, ondoka hapo mume wangu, utaniuza hata mimi. Akaketi. Akamtazama panya, akatazama kituo, akafungua mdomo.

Ewe baba wa koti! Panya wako anakula unga kabla yako, na bado unamwita mgeni? Wewe binti, hicho kiatu kimeliwa na nani, na mumeo? Mwone huyu ukutani, alikuwa mzima jana! Watu walishuka basini ambao hawakuwa wa kushuka. Aliyeomba punguzo aliulizwa kama na panya wake humpa punguzo. Mama mwenye sauti ya filimbi amekuja kulalamika kuhusu foleni, ameondoka na pakiti tatu amezifunika kwa kanga.

Mchana jua lilipokuwa kali maboksi yote yalikuwa matupu. Yote! Tumehesabu mezani. Hela ya rangi ipo, na juu yake imebaki ziada inayokaribia rejesho zima la mwezi! Baba alinitazama kama anavyolitazama friji lililoanza kugandisha lenyewe kabla hajaligusa. Mama hakunitazama. Lakini kwenye sahani yangu kulikuwa na nyama mbili.

Jumatatu, 15 Juni

Baba yuko kazini mpaka jioni, basi amenikabidhi mimi hiyo ziada nipeleke benki. Mimi! Akanifundisha sentensi moja tu: hela hii ni ya kupunguza deni lenyewe na kufupisha muda. Nimeisema njia nzima. Nimeisemea kioo cha gari la watu. Nimefika dirishani nikiwa nayo mdomoni, imeiva.

Dada wa dirishani akauliza: hii ni ya rejesho la mwezi ujao?

Shingo ikaenda.

Akagonga muhuri. Nikashukuru mara mbili. Nimerudi na stakabadhi, Baba akaisoma amesimama. Akanieleza polepole kwamba hela yetu imelala benki ikisubiri mwezi ujao ufike. Deni halijapungua. Riba haijashuka. Miaka ni ishirini ileile. Atakwenda mwenyewe kesho kuomba irekebishwe.

Nilitoka kwa mlango wa uani nisionekane, nikazunguka hadi ukuta wa barabarani. Nikamkuta Mama ameshaanza kupaka rangi, ameikunja kanga kiunoni. Akaniwekea brashi mkononi. Tukapaka. Tabu ni kwamba mkono wa kwanza wa rangi haukumfunika panya. Amebaki chini ya maziwa kama kivuli, ulimi bado nje. Tukapaka mkono wa pili. Ulimi! Mama akaushambulia ule ulimi kwa brashi, akarudi nyuma, akautazama, bado upo. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Akasema hata sisi tulipokuwa wapangaji tuliondoka haraka kuliko huyu. Nami nikacheka. Tangu Alhamisi sijapumua vizuri hivyo.

Jumanne, 16 Juni

Ushindi! Baba amerudi benki, dada wa mikopo amerekebisha kila kitu, akapiga hesabu mbele yake. Mkopo umefupika kwa miezi minne! Anasema mwanzoni mwa mkopo hata ziada ndogo hulimega sana deni. Miezi minne! Nitapata mlango wangu nikiwa bado na thelathini na tano! Mama amemwomba Baba arudie, akarudia. Bibi anadai kamisheni.

Sasa nimekaa nikatafakari kwa utulivu ni wapi nilikosea, ili nisirudie. Nimepata. Kosa lilikuwa panya. Hakuna mtu anayempenda panya. Biashara yenyewe haikuwa na shida hata chembe.

Na angalia bahati ilivyo! Jioni hii nikianua nguo amepita mzee mfuga bata, anatafuta ua wa kukodi kwa mwezi mmoja. Bata ni kiumbe mstaarabu, hutembea kwa mstari. Akauliza kama hamsini watatosha uani. Nikaitikia. Akauliza kama mvua ikinyesha kuna pa kuwaingiza. Hapo sikukurupuka, nilifikiri kwanza. Nikamwonyesha sebule.

Wanaletwa kesho asubuhi. Mama bado sijamwambia. Nasubiri acheke tena.