Ngurumo Ambazo Sikuzisikia

Jumapili, 6 Aprili

Leo mechi imesimamishwa kwa ajili ya radi. Radi yenyewe sikuiona. Nilikuwa juu jukwaani na ufagio wangu, mbingu nyeupe kama shuka, mara king'ora kikalia. Kipaza sauti kikatangaza kwamba watazamaji wote washuke kwenye ujia wa chini ya jukwaa, wafunge miavuli, wasisimame karibu na nguzo za taa, na wenye magari wakakae ndani ya magari yao. Wachezaji wakakimbilia vyumbani. Watu wakashuka wakinung'unika. Mmoja alilalamika kwamba timu yake ilikuwa karibu kufunga. Timu yake haijafunga tangu msimu uliopita.

Kanuni ya hapa ni hii: ngurumo ikisikika, mpira unasimama nusu saa. Ikisikika nyingine, nusu saa inaanza upya, hata kama refa ameshashika filimbi.

Sasa najiuliza. Watu wote hao wameteremshwa wapi? Kwenye ujia. Na katikati ya ujia kuna nini? Kibanda cha chai cha Shangazi. Si shangazi yangu, kila mtu uwanjani humwita hivyo. Watu wamebanana, baridi inawapiga, hawana la kutazama ila birika. Watafanya nini kama si kunywa chai?

Na nani huamua kwamba ngurumo imesikika? Mpimaji wa hali ya hewa. Mtu mmoja tu, na kimashine chake kinacholia kama kifaranga. Baada ya mechi nimemwona kibandani kwa Shangazi, kikombe kikubwa, maziwa mengi. Hakulipa. Nilifagia sehemu ileile mpaka alipoondoka, nihakikishe.

Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwuliza Mpimaji uso kwa uso, iweje tukimbizwe na mvua isiyonyesha. Akaniita kaka, akanivutia kiti, akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la meza. Eti radi huruka mbali na mvua yake ikapiga mahali penye jua. Eti ukiisikia ngurumo, ujue nawe unafikiwa. Maelezo mazuri mno. Mtu akieleza vizuri namna hiyo, ujue amejizoeza.

Habari kubwa zaidi. Msimamizi wa usalama, mama mmoja mrefu asiyecheka, ametuita vibarua wote. Kuna nafasi moja ya kudumu, ya mwongozaji wa watazamaji. Kizibao cha njano, na chumba cha kuishi nyuma ya vyumba vya wachezaji. Atachagua Jumamosi, siku ya mechi kubwa, maana mawingu ya wiki hii hayatabiriki na anataka kuona nani ataongoza watu bila papara. Amebakiza wawili: mimi na Kidevu. Kidevu tunamwita hivyo kwa sababu kidevu chake hufika mahali kabla yake.

Nimekwenda kukiona chumba. Dirisha moja. Bomba la maji ndani. Mlango wenye kitasa kinachofunga. Nimenyoosha mikono ukutani: kitanda cha watu wawili kinaingia, na pa kupita panabaki. Tangu nije mji huu nalala na mafundi rangi, chumba kizima kinakoroma kwa zamu. Mke wangu sijamtia machoni misimu miwili ya ligi. Huwezi kumleta mke alale katikati ya ndoo za rangi.

Kidevu naye alikuja kupima. Yeye alileta futi kamba. Anapenda kuonekana.

Jumanne, 8 Aprili

Mke wangu amepiga simu. Sauti ya mtu aliyechoka kungoja. Aliuliza, baba watoto, unarudi lini. Nikasema sirudi, wewe ndiye unayekuja. Akauliza nije nilale wapi, kwenye goli? Nikamwambia nimeshapata kazi ya kudumu na chumba chenye bomba.

Ulimi huu.

Kisha nikamsikia akimpa mama yake habari, na mama mkwe, ambaye tangu harusi huniita yule mtu wenu, akaniita mwanangu. Mara ya kwanza. Nikamwambia mke wangu asubirisubiri kwanza, nipake chumba rangi. Akasema rangi ataitazama mwenyewe, basi la Jumapili lina nafasi, na godoro anakuja nalo.

Kabla ya kukata akanisihi niwe na adabu kwa wakubwa wangu. Bado ana ile habari ya kiwanda cha matofali, nilipofukuzwa kwa kusema kwamba mtunza tanuri anaiba moto. Mpaka leo nasema moto ule ulikuwa mdogo kuliko kuni zake.

Kwa hiyo chumba kile lazima nikipate. Vinginevyo Jumapili nitampokea mke na godoro barabarani.

Alhamisi, 10 Aprili

Simu imekata chaji, na mke wangu anataka kujua dirisha linatazama wapi. Kwenye ofisi ndogo ya Mpimaji kuna soketi moja tu, na ndani yake palikuwa na waya wa kitu fulani. Nikauchomoa, nikachomeka wangu. Nikasimama nyuma ya mlango kusubiri.

Bahati iliyoje. Kupitia ufa nikamwona Mpimaji akipita na gunia la sukari begani, moja kwa moja hadi kibandani. Wakacheka. Shangazi akamfuta jasho kwa kanga yake.

Nilipochukua simu nikaenda kununua chai, mimi nisiyependa chai, nikamdodosa. Shangazi hakuficha hata kidogo. Huyo ni mkwe wangu, alisema, kamwoa binti yangu wa pili, kijana ana heshima huyo, na wewe ungekunywa ikiwa moto badala ya kuikodolea macho. Amesema mbele za watu, kwa sauti. Hapo ndipo penye ujanja. Mtu anayeficha hushukiwa haraka.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi, wakishateremshwa watu, mimi nitapanda juu kabisa, nikae peke yangu, nisikilize mbingu kwa masikio yangu. Wakitangaza ngurumo ambayo mimi sikuisikia, nimewakamata. Msimamizi ataona nani hasa anawalinda watazamaji.

Ule waya wa mwanzo sikumbuki kama niliurudisha. Wala sijui ulikuwa wa nini.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazoezi ya kuteremsha watu. Mafundi rangi walijifanya watazamaji. Kidevu akanyoosha mikono kama anaongoza ndege kutua, watu wake wakashuka kwa mstari. Wangu waliniuliza wasimame wapi, nikawaonyesha penye nafasi. Kumbe ni chini ya nguzo ya taa. Msimamizi akaniuliza kama nina kisa nao. Nikasema wanakoroma. Hakucheka.

Kisha akatoa amri mpya: watazamaji wakiwa ujiani, ni marufuku kugusa mapipa ya chuma. Takataka zishushwe kwa magunia, mgongoni. Sababu alieleza, lakini wakati huo nilikuwa namtazama Kidevu jinsi anavyotikisa kichwa kwa kila neno. Huu ni mkono wake tu. Anajua mgongo wangu ulivyo. Anataka kesho nionekane najikokota.

Mimi nikishapanda juu kusikiliza, mikono itakuwa haina kazi. Nitayashusha mapipa kwa njia ya kawaida, yaani kuyaviringisha kwenye mteremko wa zege. Hakuna atakayeniona. Wote watakuwa chini yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mambo yamekuwa mengi. Nayaweka yote kabla hawajayageuza.

Uwanja ulijaa. Kabla ya mapumziko, wingu jeusi likatokea nyuma ya goli la mbali. Ngurumo ikapiga. Hiyo niliisikia, nakubali. King'ora, tangazo, watu wakaanza kushuka. Nami niliongoza vizuri sana. Nilimkataza mzee mmoja asikae chini ya nguzo, akaniambia nisimfundishe kukaa, nikamwambia basi ungua. Alishuka. Kidevu yeye alimbeba bibi mgonjwa wa miguu mgongoni mwake, mbele ya Msimamizi, taratibu ili aonekane.

Ndipo nikasikia kwamba mashine ya Mpimaji imezima. Haina chaji hata kidogo. Akasema haelewi, aliiacha kwenye umeme tangu Jumatano. Siku ya mechi kubwa, mashine inazima! Imezima wakati unaofaa mno. Akatangaza kwamba itabidi atumie masikio, na akasimama palepale ujiani, hatua chache kutoka kwenye birika la mama mkwe wake.

Nikapanda juu. Jukwaa tupu, karatasi zinaruka, mvua nyepesi. Nikatega sikio. Kimya. Nikasukuma pipa la kwanza kwenye mteremko, likashuka likigongagonga hadi chini. Nikarudi kutega sikio. Mara kipaza sauti: ngurumo nyingine imesikika, nusu saa inaanza upya.

Ngurumo ipi? Mimi nilikuwa juu, karibu na mbingu kuliko wote. Sikusikia kitu.

Nikafagia. Nikasubiri. Mbingu kimya. Nusu saa ilipokaribia kwisha, nikaviringisha pipa la pili, lile zito la chupa. Halijatulia vizuri kule chini, king'ora. Nusu saa upya. Kutoka ujiani ikapanda sauti ya watu wengi wakilaani kwa pamoja.

Nikawaza, ya tatu ikija nawaumbua. Nikashusha pipa la tatu ili niwe nimemaliza kazi. Na kweli, ya tatu ikaja.

Nikashuka mbio. Ujia ulikuwa umejaa hadi vyooni. Chai ya Shangazi imekwisha, anauza maji ya moto, na watu wananunua. Nikamnyang'anya Kidevu kipaza sauti, nikawaambia watu wote: nimekaa juu muda wote huu, hakuna ngurumo, mnazuiwa hapa mnywe chai ya mama mkwe wa mtu. Nikamnyooshea Mpimaji kidole.

Watu wakanishangilia. Nasema kweli, walinishangilia. Mmoja akapiga ngoma ya timu. Wengine wakaanza kusukumana kuelekea ngazini, warudi jukwaani. Kidevu akatanua mikono mlangoni, na wale wa mbele wakamwita pazia.

Msimamizi akanikaribia. Akaniuliza kwa utulivu nilikuwa wapi. Nikasema juu. Nikifanya nini. Nikaona hapa ndipo pa kujisifu: nimesikiliza, na bado nimeshusha mapipa matatu.

Mpimaji akanitazama, akatazama dari, ambayo ni ule mteremko wa zege kwa chini. Akauliza, kwa upole kabisa, kama limebaki pipa. Nikasema limebaki moja. Akaniomba, kaka, nenda kalishushe.

Nikaenda nikalishusha. Niliporudi, wengine walikuwa bado wameinama, wameshika vichwa, na yule bibi wa mgongoni kwa Kidevu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha wakacheka wote. Ngoma ikapigwa tena, safari hii si kwa ajili yangu.

Na wakati bado wanacheka, ukaja mwanga mweupe mlangoni, na papo hapo mlio ambao haukuwa wa pipa. Ukavitikisa vikombe vya Shangazi. Hakuna aliyehitaji kutangaziwa. Mvua ilipopungua tukachungulia: mlingoti wa bendera uliopo katikati ya jukwaa umepasuka kutoka juu hadi chini, na viti vinavyouzunguka vimeungua, vinanuka. Palepale ambapo watu wale wangekuwa wamekaa, kama nusu saa ya kwanza ingekwisha kwa wakati wake.

Msimamizi alivitazama viti muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilitegemea neno la shukrani. Akasema hajui anifukuze au anishike mkono, kwa hiyo hatafanya lolote, nibaki kibarua, na mapipa nisiyakaribie. Kizibao akampa Kidevu. Na chumba.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelala macho wazi, nikalitafakari jambo lote. Wanasema zilikuwa sauti za mapipa. Haiwezekani. Mapipa nimeyaviringisha mwaka mzima, naijua sauti yake, na haifanani hata kidogo na ngurumo. Watu waliinama kwa sababu walikuwa wameshaambiwa wainame. Na ile radi ya mwisho? Imepiga mara tu nilipomtaja Mpimaji mbele za watu. Sisemi ameiita. Nasema tu ilimfaa.

Basi likafika. Mke wangu akashuka na godoro kichwani. Akaniuliza chumba kiko upande gani. Nikamwonyesha dirisha. Palikuwa na kidevu ndani yake.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliliweka godoro chini, akalikalia katikati ya ujia, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake ndiyo kwanza ameanza kuniita mwanangu. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Shangazi ndiye aliyetoka kibandani. Akamwita mwanangu, akampa kikombe, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nyuma ya kibanda kuna stoo, ina mlango, sukari itahamia kwa mkwe wake, na yeye anahitaji mtu wa kumsaidia birika siku za radi, maana jana ameona alivyozidiwa. Mpimaji akaja akatusaidia kubeba godoro. Akaniita kaka tena.

Stoo ni ndogo kuliko chumba cha Kidevu, lakini kitanda kitaingia. Mke wangu ameshatundika pazia. Ameniambia nikawaombe radhi wale watu. Nimesema sawa, nitaomba.

Lakini jioni hii nimetazama kwa utulivu. Mke wangu amekaa kibandani, kikombe kikubwa, maziwa mengi. Hakulipa. Anacheka na Mpimaji.

Siku moja tu amekaa mjini, na wameshamwingiza.

Jumamosi kuna mechi, na mawingu yapo. Nitapanda tena juu. Safari hii nitayaviringisha mapipa yote kwa mkupuo mmoja, nimalize mapema, nipate utulivu wa kusikiliza.