Klorokwini Isiyowasha

Jumatatu, 3 Aprili 1995. Mabatini, Mwanza.
Ijulikane kwa wote, waliopo na watakaozaliwa: leo saa tatu asubuhi nimejiteua Mganga Mkuu wa msafara. Msafara una watu wawili. Mimi na shemeji yangu Ndalahwa, fundi redio, kaka wa mke wangu Kija. Tunakwenda Kisumu kununua dawa za malaria. Siku hizi biashara ni huria, kila mtu anauza kila kitu; mimi tu ndiye nife nikiuza nyanya? Kija kauliza udaktari nimesomea wapi. Nimemwambia nimeumwa mara nyingi. Katupatia chandarua kimoja na agizo: tunywe maji yaliyochemshwa, na kaka yake arudi kama alivyoondoka.

Jumatano, 5 Aprili. Kisumu.
Tulifika jana, viuno vimekufa. Ndani ya chandarua nimelala mimi. Mganga akiugua, nani atatibu? Ndalahwa akasema sawa shemeji, mbu wa huku hawajui Kisukuma, watamwacha. Hawakumwacha.
Nimempata mzee Ogweno, muuza dawa nyuma ya soko. Ana klorokwini mpya: haiwashi! Kwetu kila mtu anajua, ukimeza klorokwini unajikuna hadi asubuhi kama mbwa wa jalalani. Ndiyo alama ya dawa. Ndalahwa akipewa vinne humeza kimoja, vitatu hutema. Nikalamba: chungu. Nikameza viwili, nikangoja. Hata pua haikuniwasha. Hazina! Makopo sita. Ndalahwa akaninong'oneza: shemeji, isipowasha, humo ndani inafanya kazi gani? Nikamwambia arudi kwenye redio zake.

Ijumaa, 7 Aprili. Ndani ya basi.
Ndalahwa anatetemeka. Mgonjwa wa kwanza, na hata nyumbani hatujafika! Nimempa vinne. Musoma aliomba tushuke, kuna hospitali. Haiwezekani. Basi zima limekwisha kunisikia nikiisifu dawa. Mganga Mkuu akipeleka mgonjwa wake kwa waganga wengine, nani atanunua? Akelo, mama muuza samaki wa kiti cha nyuma, akanifokea: we baba, mwenzio anakufa, wewe unahutubia! Nikamtajia bei.

Jumamosi, 8 Aprili. Mabatini.
Vinne tena jana tulipofika, viwili leo. Ndalahwa anagombana na redio ambayo haipo. Lakini ngozi! Tulivu kama ya mtoto. Nikamwita Kija aone mwenyewe kwamba kaka yake hajikuni.
Kija akanitazama kama nyoka aliyekutwa jikoni. Kaka yangu hajikuni? Huyu anayewashwa akipita tu mbele ya duka la dawa? Hakungoja jibu. Akamwita jirani, Masalu, wakampakia Ndalahwa kwenye baiskeli, wakaisukuma hadi hospitali. Mimi nyuma na kopo, kulinda jina la dawa.

Jumapili, 9 Aprili.
Malaria imepanda kichwani. Wamemtundikia dripu ya kwinini. Daktari alikiponda kidonge changu, akakinusa, akasema ni chaki iliyotiwa uchungu. Akauliza kama na ubao nauza. Wivu wa wasomi! Leo mara mbili Ndalahwa alinyamaza, tukadhani ndiyo basi. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi.

Jumanne, 2 Mei. Kisesa.
Ndalahwa yu hai! Yuko kwao, anakaa, anakula. Vidonge kumi vyangu, chupa chache zao: mwenye akili anajua nani kaponya. Kopo moja limeisha lote mnadani Usagara, wala hakuna mteja aliyerudi kulalamika.
Nimekaa kitandani kwake nikamweleza mpango. Juni, Kampala. Safari hii chandarua tutapokezana. Halafu yeye awe shahidi: asimame mnadani, awaambie watu jinsi nilivyomtoa kaburini. Akanikazia macho mdomoni, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa mara tatu. Muungwana kweli, hana kinyongo.
Kija, aliyekuwa akimpozea uji, akasema nisijichoshe. Kaka yake hasikii tena, masikio yote mawili.